Nikienda Callejón de Hamel kule Havana, nitakuwa nimeingia kwenye uganga?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha. Mwezi ujao anakwenda Havana, Kuba, kwa mkutano wa kikazi, Jumapili yake haina ratiba, na mwenzake ofisini kamwambia asirudi bila kupita kichochoro kinaitwa Callejón de Hamel. Akaingia kwenye simu kutafuta picha, akaona kuta zimejaa macho makubwa, majogoo, vyungu vya chuma na "mashetani yenye kofia za ncha", na maelezo yanasema ni mtaa wa sanaa na dini za Waafrika wa Kuba. Ndio akaniuliza: "Mimi Muislamu, nimekulia madrasa, sitaki nijikute nimeshiriki mizimu bila kujua. Lakini pia sitaki kukosa kitu kwa uoga tu. Naweza kwenda kutazama na kuondoka? Na nikifika nisifanye nini?"

Dada yangu, nenda. Nimeanza na jibu ili usisome yote haya moyo ukiwa juu. Kutazama na kuondoka inawezekana kabisa na hakuna atakayekulazimisha chochote, ila ukienda bila kujua unachokiona utatoka na picha za kuta na pengine pochi iliyopungua, na hiyo itakuwa hasara kwa sababu kwa mtu anayeongea Kiswahili ile sehemu inasema mengi kuliko inavyomwambia mtalii wa Ulaya. Mimi nimekaa Havana miaka 6, nilikwenda kusoma nikaishia kutembeza wageni, na chumba changu cha kupanga kilikuwa mtaa huohuo wa Cayo Hueso, kwa hiyo Jumapili zangu nyingi zimeishia pale.

Callejón de Hamel sio hekalu na sio kilinge. Ni uchochoro mfupi, kama mita 200, watu wanaishi humo na familia zao, kamba za nguo ziko juu, mama anamwita mtoto kutoka dirishani kama Ngamiani kwenu Tanga tu. Kilichoufanya uwe na jina ni mtu mmoja, Salvador González Escalona, mchoraji aliyejifunza mwenyewe, mzaliwa wa Camagüey. Aprili 1990 rafiki yake aliyekuwa anakaa pale alimwomba amchoree ukuta, akauchora, ukuta ukaisha akahamia wa jirani, kisha ghorofa, kisha upande wa pili wa uchochoro, na hakuacha kwa miaka zaidi ya 30 mpaka alipofariki 2021. Hiyo 1990 uishike kichwani. Umoja wa Kisovieti ulikuwa unaporomoka, mafuta na chakula vilivyokuwa vinatoka huko vikaanza kukatika, Wakuba wakaingia kwenye kipindi cha njaa wanachokiita Período Especial, na katikati ya hali hiyo mtu anapaka rangi ukuta wa ghorofa nzima. Rangi alitumia yoyote iliyopatikana, ikiwemo ya magari. Viti akatengeneza kwa mabafu.

Hayo mabafu nitakuelezea kidogo kwa sababu ndiyo niliyoyapenda kuliko michoro yote. Ni yale mabafu mazito ya chuma ya nyumba za zamani, yaliyotupwa, yeye kayakata kwa urefu ubavu mmoja ili mtu aweze kukaa kama kwenye kochi, kisha kayapaka rangi na kuyaandika maneno. Mengine kayapachika ukutani. Ukikaa saa 7 mchana mgongo unaungua kwa sababu chuma kimepigwa na jua tangu asubuhi, lakini kingo ile ya mviringo imelainishwa na makalio ya miaka 30 inang'aa kama kitako cha sufuria, na wazee wa mtaa wana mabafu yao wanayokaa kila Jumapili, ukikuta mzee kasimama mbele yako anakuangalia tu hasemi kitu basi ujue umekalia lake, nyanyuka.

Sasa, kwa nini hii ilikuwa jambo kubwa. Wakati ule Mkuba mwenye dini yoyote, iwe Ukatoliki au hizi za asili ya Afrika, hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na bila chama milango mingi ilikuwa migumu. Ruhusa ilikuja kwenye mkutano mkuu wa chama Oktoba 1991, na 1992 katiba ikabadilishwa, dola ikaacha kujitambulisha kuwa haina Mungu. Salvador alianza kabla ya yote hayo. Kabla ya mapinduzi pia hali haikuwa nzuri, polisi walikuwa wanavamia ngoma na kuchukua vifaa vyao, na wakati wa utumwa ndio kabisa, mtumwa alibatizwa kwa lazima akapewa sanamu ya mtakatifu asujudie, naye akachagua mtakatifu anayefanana na wa kwao akawa anamwomba wa kwao kupitia huyo. Kwa hiyo kwa miaka mingi sana vitu hivi vilikaa kabatini, nyuma ya mlango, chini ya kitambaa. Yeye kavitoa akavipaka kwenye ukuta wa barabarani, vya ghorofa 3, mbele ya kila mtu. Ndio maana bibi mmoja jirani yangu, mcha Mungu wa Kikatoliki na mwenye shanga za orisha (miungu ya Kiyoruba) shingoni kwa wakati mmoja, alikuwa akipita pale anagusa ukuta kwa vidole 2 kisha anaendelea na safari yake ya kutafuta mkate.

Waliopelekwa Kuba kwa utumwa ni zaidi ya watu laki 7, na utumwa wenyewe ulifutwa 1886 tu, yaani kuna wazee wa leo ambao bibi zao waliwaona watumwa kwa macho. Ukutani utaona makundi 3 yamechanganyika na ukijua kuyatenganisha woga utapungua. Kuna Santería, ya Wayoruba, ndio hawa wanaoitwa maorisha. Kuna Palo, ya Wakongo. Na kuna Abakuá, ambayo ni chama cha siri cha wanaume tu, asili yake upande wa Calabar, Nigeria ya leo, kilianzishwa mtaa wa Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, mwaka 1836. Yale "mashetani yenye kofia za ncha" uliyoyaona ni ya Abakuá, jina lake íreme, ana kofia ndefu, macho 2, mdomo hana, kwa sababu íreme hasemi, anaongea kwa mwili na kwa kengele alizofunga kiunoni. Na ujue Wahispania wa enzi ile walipomwona waliita hivyohivyo ulivyoita wewe, diablito, kishetani. Sikulaumu, mimi mwenyewe mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja. Lakini kwao ni roho ya babu aliyerudi kushuhudia kiapo, na ukimwita shetani mbele ya mwenye chama chake utakuwa umemvunjia heshima kweli.

Maorisha utawajua kwa rangi. Buluu na nyeupe ni Yemayá, bahari na umama. Njano ni Ochún, mto, mapenzi, asali. Nyekundu na nyeupe ni Changó, radi na ngoma, ambaye kanisani alijificha ndani ya Santa Bárbara, mwanamke mwenye upanga na joho jekundu, mpaka leo tarehe 4 Desemba Havana nzima inavaa nyekundu. Nyeupe tupu ni Obatalá. Nyekundu na nyeusi ni Elegguá, mwenye njia panda, anayefungua na kufunga milango, na huyu ndiye utakayekutana naye hata kwenye nyumba utakayolala maana watu wanamweka nyuma ya mlango wa kuingilia: kichwa kidogo cha saruji, ukubwa wa embe, macho na mdomo ni kauri za baharini, amewekewa peremende na vigari vya kuchezea kwa sababu ana tabia za mtoto. Wageni wengi wanadhani ni pambo wanaliokota wapige selfi. Usiguse. Huo ndio mfano mzuri wa ninachotaka ukielewe kuliko kingine chochote katika jibu hili: pale Callejón kuna mchoro wa Elegguá na kuna Elegguá mwenyewe kwa imani yao, na vinaweza kuwa hatua 3 kutoka kimoja hadi kingine. Mchoro uangalie, upige picha, uucheke, uuhoji, uko pale kwa ajili hiyo. Chenye sahani mbele yake, mshumaa, maji kwenye glasi, manyoya, sigara iliyolazwa, damu iliyokauka, hicho kimelishwa, ni cha ibada, na hapo unaweka mikono nyuma na simu mfukoni. Ukiona chungu cha chuma cha miguu 3 kimejaa vijiti, minyororo na vyuma, ni hivyohivyo, zaidi hata.

Na hicho chungu ndicho kitakachokushtua masikio. Wenye Palo wanakiita nganga. Mwenye kukitunza ni tata nganga. Umeshasikia, eh? Kwetu mganga ni mtu, kwao neno limehamia kwenye chungu, lakini ni neno lilelile la Kibantu lililovuka bahari. Ngoma wanaita ngoma. Mungu Mkuu wao ni Nsambi, Wakongo na jirani zao wengi watamtambua hapohapo. Nyimbo za ibada ya Palo zinaitwa mambo. Niliposikia mara ya kwanza mtu anasema "twende tukaimbe mambo" nilidhani ananitania kwa sababu najitambulisha Mtanzania. Halafu kuna salamu. Wakikutana wenye Palo kwa heshima mmoja anasema "nsala malekun", mwenzake anajibu "malekun nsala". Wewe wa madrasa usidhani umekutana na Waislamu, hawamaanishi hivyo na hawajui Kurani, ila salamu yenyewe imefika hapo midomoni mwa Waafrika na hawajaiacha. Mimi sikuweza kuizoea, kila nikiisikia nilikuwa naitikia nusu kabla sijakumbuka niko wapi. Na sio Kongo tu, kuna watu walichukuliwa pwani ya Msumbiji karne ya 19 wakashushwa Kuba, Wakuba wakawaita macuá, yaani Wamakua, ambao ndugu zao wako Masasi na Nanyumbu leo hii. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kama unaingia ugenini, nakwambia unaingia kwa ndugu waliopotea njia zamani wakajenga walikofika, na wakajenga tofauti na tulivyojenga sisi.

Sasa kuhusu ngoma ya Jumapili, maana ndio siku yako. Kwa kawaida inaanza kama saa 6 mchana inaenda mpaka saa 9 hivi. Ngoma inayopigwa ni rumba, na hapa ondoa kichwani magitaa ya Kinshasa. Rumba yetu, ya Kongo iliyotulea Afrika Mashariki yote, ilitokana na santuri za Kuba zilizofika Kongo kuanzia miaka ya 1930, na nyingi zilikuwa na muziki unaoitwa son, jina la rumba likang'ang'ania tu. UNESCO yenyewe imeziandika mbalimbali kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ya Kuba 2016, ya Kongo 2021. Rumba ya Callejón haina gitaa. Ni ngoma 3, vijiti 2 vinavyogongana vinaitwa clave, gogo au mwanzi unaochapwa ubavuni, sauti ya mtu mmoja na waitikiaji. Zamani watu wa bandarini walipiga kwenye makasha ya mbao ya samaki wakavu kwa sababu ngoma zilikuwa zinapigwa marufuku, kasha nani atalikataza, na mpaka leo kasha linapigwa na linaitwa cajón.

Sikiliza jinsi inavyoanza. Clave inaingia peke yake, kavu, ka-ka-ka, ka-ka, halafu muimbaji anafungua koo kwa sauti isiyo na maneno kama anaitafuta njia, kisha anaanza kisa, anaweza kuimba dakika kadhaa watu wametulia, halafu ghafla waitikiaji wanaingia na ngoma ndogo, inaitwa quinto, inaanza kusema. Hapo ndipo mtu anaingia kucheza. Kama ni yambú ni ya taratibu, mwendo wa wazee. Kama ni guaguancó ni mwanamume na mwanamke, mwanamume anamzungukazunguka anatafuta upenyo, ghafla anarusha kiuno au mkono au mguu kumwelekea, na mwanamke kazi yake ni kuwahi kujifunika kwa sketi au kiganja bila kupoteza mdundo. Mtu aliyezoea chakacha haitamsumbua, ila nakutahadharisha mapema maana wakitaka kukuingiza uwanjani watakuingiza kwenye hiyo, na kukataa ni rahisi, weka mkono kifuani, tabasamu, tikisa kichwa, inatosha. Kama ni columbia ni mwanamume mmoja, ya mashambani mkoa wa Matanzas, na hapo usiangalie miguu yake, angalia mpigaji wa quinto, kwa sababu yule mchezaji anarusha bega na ngoma inalijibu lilelile bega, anakwepa nayo inamfuata, ni mazungumzo. Kuna kijana nilimwona mara moja akasimama ghafla katikati, mguu juu, na mpigaji akanyamaza naye, kimya kikawa cha sekunde 2 au 3, uchochoro mzima umeshika pumzi, halafu wote 2 wakashuka pamoja kwenye mdundo mmoja. Bado sijui walielewana vipi.

Rumba ni ya dunia. Sio ibada. Hilo litakutuliza. Ila siku hiyohiyo wanaweza kupanga na nyimbo za maorisha, wachezaji wamevaa mavazi ya rangi nilizokutajia, Yemayá anazungusha sketi ya buluu kama mawimbi, Ogún, orisha wa chuma, ana panga anafyeka, na hayo nayo ni maonyesho, ya jukwaani. Ibada yenyewe ya ngoma inafanyika majumbani, kwa kualikwa, kwa ngoma za batá zilizowekwa wakfu ambazo haruhusiwi kila mtu kuzigusa. Akikualika mtu usiyemjua pale mtaani uende "sherehe halisi ya watakatifu" jioni hiyo kwa malipo, jibu ni hapana, na kwa imani yako nadhani hata bila malipo jibu ni hilo.

Swali lako lingine la ndani, ambalo hukuliandika lakini nimelisikia, ni itakuwaje mtu akipandisha. Inaweza kutokea, mara chache, hata kwenye maonyesho, kwa sababu nyimbo ni zilezile na waumini wako kwenye watu. Pwani tunasema pepo kapanda kichwani na mtu ni kiti chake, wao wanasema orisha kampanda mtu na mtu ni farasi wake, umeona hata lugha tumekaribiana. Ikitokea wenyeji watamshika, watamtoa pembeni, wanajua la kufanya. Wewe rudi nyuma uwape nafasi, usirekodi. Haiambukizi. Umekulia Tanga, umeshaona makubwa zaidi ya hayo kwenye ngoma za majirani na ukarudi nyumbani ukaswali.

Kuhusu dini yako mimi sio shehe na sitakutolea fatwa, kamuulize unayemwamini. Ninachokijua ni mipaka ya pale, nayo iko wazi: kutazama ukuta na kusikiliza rumba hakukuingizi kwenye kitu chochote. Kinachokuingiza ni kukaa mbele ya mtu upigiwe kauri, kununua shanga "zilizobarikiwa", kuinamia chungu, kuoshwa na majani. Kupiga ramli kwa wenyewe sio mchezo wa watalii, mtu anapelekwa na ndugu kwa baba yake wa kiroho, anaitwa padrino, na uhusiano huo ni wa maisha. Kwa hiyo yule atakayekufuata uchochoroni akakwambia "dada nimeona kitu juu yako, kuna mwanamke anakuonea wivu" huyo hata mwenye dini yake anamkasirikia.

Na watakufuata, hilo lazima niseme. Cayo Hueso ni watu wazuri lakini maisha yamekuwa magumu mno, umeme unakatika masaa mengi, bei zimepanda, na mgeni ni riziki. Wataanza kukupata hata kabla hujafika, pale karibu na chuo kikuu au barabara ya San Lázaro: kijana mchangamfu anakuuliza unatoka wapi, anakwambia leo kuna tamasha maalumu, anakupeleka Callejón kana kwamba ungepotea, anakueleza michoro 4 kwa haraka, kisha anakukalisha baa akaagiza vinywaji, na bili inakuja kwako. Au mama anakuomba umnunulie mtoto maziwa, unalipa bei ya ajabu, ukigeuka maziwa yanarudi dukani. Mimi mwezi wangu wa kwanza nililipia hayo maziwa mara 2. Kuingia Callejón ni bure. Kuna sehemu ya kuweka mchango, weka, na kofia ya wapiga ngoma ikipita weka tena, kwa sababu hao wamefanya kazi. Ukitaka maelezo mazuri waombe wenyeji wako wa nyumba wakutafutie mtu na mkubaliane bei mapema. Baa ya mle ndani wana kinywaji chao maarufu kinaitwa negrón, kina ramu na asali na majani kama kivumbasi, kwa hiyo sio chako, ukiagiza kitu sema "sin ron" na uone kikitengenezwa. Begi livae kwa mbele rumba ikichanganya, maana watu wanabanana kweli.

Jambo moja nisipokuambia utalikosea bila kujua. Utakutana Havana na watu wamevaa nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu na soksi, na mwavuli mweupe wakati mwingine. Huyo ni iyawó, ndio kwanza kaingizwa kwenye Santería, na anavaa hivyo mwaka mzima. Kuna masharti mengi: hapigwi picha, hashikani mikono na watu ovyo, hapokei kitu mkono kwa mkono. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya mkate nyuma ya binti mmoja wa hivyo, umri kama miaka 19, akaweka hela juu ya meza, muuzaji akazichukua, akahesabu chenji akaiweka juu ya meza, akaondoa mkono wake kabisa, ndipo binti akaokota. Hakuna aliyesema neno, wala foleni haikulalamika kwa kuchelewa. Muuzaji yule nilimjua, hakuwa wa dini hiyo. Basi nawe ukikutana naye Callejón, usimnyooshee mkono wala simu, msalimie kwa kichwa.

Kufika ni rahisi, iko Centro Habana, inaingiliwa mtaa wa Aramburu karibu na San Lázaro, kutoka ngazi kubwa za Universidad de La Habana ni mwendo wa dakika kama 10 kwa miguu, na kutoka Malecón, barabara ya kando ya bahari, ni karibu zaidi. Jumamosi waulize wenyeji wako kama kesho rumba ipo, kwa sababu siku hizi umeme na mafuta vinavuruga ratiba nyingi. Chaji simu usiku umeme ukiwepo. Beba yuro za noti ndogo, kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kabisa na nyingine zinagoma. Cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti yako. Beba maji na kofia, kivuli ni kidogo. Fika saa 5 na nusu, kabla watu hawajajaa, utembee kuta zote kwa utulivu kutoka mwisho mpaka mwisho, halafu tafuta pa kusimama karibu na wapiga ngoma, sio mbele ya wachezaji. Ukisema unatoka Tanzania usishangae mzee akakuhesabia moja, mbili, tatu. Wakuba waliokwenda kupigana Kongo 1965 na Che Guevara walipitia kwetu, na baadhi ya majina yao ya vita yalikuwa namba za Kiswahili, Che mwenyewe alikuwa Tatu, na wazee wa rika lile hawajasahau. Mjibu nne, atafurahi mno.

Na mtandio wako vaa, hakuna atakayekushangaa, ila siku hiyo usivae mweupe na gauni jeupe. Nilimtembeza dada mmoja wa Kizanzibari aliyevaa hivyo, meupe juu mpaka chini na kichwa kimefunikwa, na mtaa mzima tuliopita watu walikuwa wanampisha, muuza juisi akamwekea chenji juu ya meza, na bibi mmoja akamuombea heri kwa Kiyoruba, yeye akaitikia amina. Wewe chukua wa rangi, wowote. Wa njano utakupatia tabasamu nyingi.